Kisu cha Kukunja Alichotengeneza Babu: Mwongozo Kamili wa Kukisafisha, Kukinoa na Kuhifadhi Habari Zake

Kutu huchukua miaka na miaka kukila kisu cha babu. Mjukuu mwenye msasa humaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Nimeshaonyeshwa visu vya namna hii mara nyingi mno: bapa linang'aa kama limetoka dukani, alama ya babu imefutika, mpini una ufa mpya, na mwenyewe anauliza kama kuna dawa. Hakuna. Chuma kilichosuguliwa kikaisha hakirudi.

Mwongozo huu ni wa kisu kidogo cha kukunja cha aina ya zamani, chenye springi mgongoni, ribiti, na mpini wa mti, pembe au mfupa, ambacho babu alikiunda kwa mikono yake. Kazi yote inaongozwa na sharti moja: ondoa kinachokula kisu, acha kilichowekwa na mkono wa babu. Ukisita kati ya hivyo viwili, acha.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla hujaanza, maana katikati ya kazi ndipo mtu hushika chochote kilicho karibu.

- Simu yenye kamera, rula yenye milimita, daftari na kalamu.
- Mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai. Yakikaa ndani ya kiungo hugeuka ulimbo.
- Stiliwaya laini kabisa, yenye namba 0000. Ile ya kusugulia masufuria ni kali mno.
- Kipande cha shaba, kama bapa dogo au waya mnene uliopondwa.
- Mswaki wa zamani, njiti za meno, pamba, na vitambaa vyeupe. Viwe vyeupe kwa sababu ndivyo vitakavyokuambia kama kutu imeisha.
- Mafuta ya taa kidogo na nta ya nyuki.
- Kinoo cha namba 1000 na kingine cha 3000 hivi (namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi). Cha 400 ni cha makali yaliyomeguka tu.
- Maka peni, utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, na ukanda wa ngozi.

Msasa, siki, grenda na koleo visiwepo chumbani kabisa. Siki inasifiwa sana, na ni kweli inaondoa kutu. Lakini huondoa pia ule weusi mzuri wa chuma, hula kingo za alama, na ikishaingia kati ya mpini na vibati vya shaba vya ndani haitoki. Itaendelea na kazi yake humo wewe ukiwa umelala.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kufuta hata vumbi

Piga pande zote mbili kikiwa kimefungwa, kisha kimefunguliwa, halafu mgongo, tumbo (ule mfereji linamoingia bapa), na kila alama kwa karibu. Rula iwe kando ya kisu katika kila picha. Tumia mwanga wa dirishani unaokuja kwa ubavu, kwani ndio unaoonyesha mikwaruzo na maandishi yaliyofifia. Mwanga wa simu wa usoni hufuta kila kitu.

Pima urefu wa bapa, upana wake karibu na mpini, upana katikati, na unene wa mgongo. Andika.

Kama kisu hakifunguki, kipige picha hivyohivyo. Usikilazimishe kwa ajili ya picha.

*Umefaulu ikiwa:* mtu ambaye hajawahi kukiona anaweza kukieleza kwa kutazama picha tu.

## Hatua ya 2: Kisome kisu

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye utamu. Fundi hakuacha maandishi, lakini tupa yake iliandika. Keti mahali penye mwanga, chukua lenzi ya kukuzia kama unayo, na utafute yafuatayo.

Mistari ya tupa. Kwenye mgongo wa bapa na kingo za mpini utaona mistari midogo. Mistari iliyonyooka, sambamba, ni kazi ya tupa ya mkono. Mistari inayopinda kidogo kama upinde huwa imetokana na jiwe la mviringo, yaani cherehe. Ukiiona yote miwili, basi babu alitumia vyote, na sasa una swali la kumuuliza mtu: cherehe aliipata wapi, na nani aliizungusha?

Mabaki ya meno ya tupa. Wahunzi wengi waliunda visu kutokana na tupa zilizokwisha makali, kwa kuwa chuma chake ni kizuri. Wengine walitumia springi bapa za magari. Kisu kilichozaliwa na tupa wakati mwingine hubaki na kivuli cha meno yake, mistari iliyokatana kama wavu mwembamba, hasa karibu na kiungo ambako hapakusuguliwa sana. Ukiiona, usiiguse maisha yako yote.

Upande uliolika. Tazama makali ukiwa umelielekeza bapa kwako kama unayetaka kulitazama puani. Mara nyingi mteremko wa upande mmoja ni mpana kuliko wa pili. Mtu anayenoa bila kubadilisha mkono hula upande mmoja zaidi, kwa hiyo hapo unaona mkono na mazoea ya mnoaji. Tazama pia mpini: pale kidole gumba kilipokuwa kikikaa huwa laini na pameng'aa kuliko kwingine.

Mbonyeo wa makali. Linganisha upana wa bapa karibu na mpini na ule wa katikati. Bapa lililonolewa kwa miaka mingi huingia ndani katikati. Watu huita kasoro. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya kisu yenye habari nyingi kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kupotea mtu akipeleka kisu "kinyooshwe".

Ribiti. Hesabu ribiti na uangalie kama vichwa vyake vinafanana. Kimoja kikiwa cha chuma na vingine vya shaba, kisu kiliwahi kufunguliwa na kutengenezwa upya. Andika.

*Umefaulu ikiwa:* una orodha ya maswali. Majibu yanakuja katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Kipeleke kwa wazee kikiwa bado kichafu

Kichafu, ndiyo. Bibi au mjomba aliyekizoea kisu kikiwa cheusi hatakitambua kikiwa cheupe, na harufu ya mafuta ya zamani hukumbusha mambo ambayo picha haikumbushi.

Amkia, keti, salimianeni kwa kituo. Kisha mpe kisu mkononi kabla hujauliza lolote, na utazame vidole vyake. Mara nyingi mzee atakifungua kwa namna ileile aliyomwona babu akikifungua. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu chini, na uiache.

Maswali mapana huzaa majibu mapana. Ukiuliza "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "Alikuwa mtu mwema," na hapo mazungumzo yamekwisha. Uliza vitu vinavyoshikika:

- Chuma hiki kilikuwa kitu gani kabla hakijawa kisu?
- Nani alivukuta mvukuto?
- Alitia matiko (alipooza chuma chenye moto kiwe kigumu) kwa maji au kwa mafuta? Alijuaje kwamba chuma kimeiva?
- Mpini aliufunga kwanza au springi kwanza?
- Kisu hiki kilikuwa kinakata nini kila siku?
- Nani alipewa kisu, nani alinyimwa, na kwa nini?

Swali la mwisho huleta vicheko, na wakati mwingine huleta kesi. Liache mpaka mwisho.

Shangazi akisema mafuta na mjomba akisema maji, andika yote mawili na jina la kila mmoja. Usiwe hakimu. Inawezekana kabisa babu alitumia maji ujanani na mafuta baadaye.

*Umefaulu ikiwa:* una sauti iliyorekodiwa, tarehe, jina la msemaji, na angalau jambo moja kuhusu kazi yenyewe ambalo hukulijua.

## Hatua ya 4: Legeza kiungo

Kisu cha aina hii hakina kufuli. Kinachokizuia kisijifunge ni springi ya mgongoni inayokandamiza shina la bapa. Kutu na mafuta yaliyoganda vikikaa katikati, bapa hukwama.

Tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa kiungo, na jingine ndani ya mfereji. Kilaze kisu kwa ubavu mpaka kesho yake. Kigeuze, rudia. Usiwe na haraka. Mafuta yanapita mahali pembamba kuliko unywele.

Bapa likianza kutikisika, lifungue kidogo tu kwa mfuo wa ukucha (kile kijifereji cha bapani cha kuingizia ukucha) na ulirudishe. Maji meusi yatatoka. Yafute, tia tone jingine, sogeza tena. Kila mara litafunguka zaidi kidogo.

Onyo. Usikamate bapa kwa koleo. Meno ya koleo hutoboa chuma, na bapa linaweza kukatika kwenye mfuo wa ukucha, maana hapo ndipo palipo pembamba. Ukucha ukishindwa, pitisha kitambaa kigumu au ukanda mwembamba wa ngozi kati ya bapa na mpini, uvute kwa huo. Na usiloweke kisu kizima ndani ya chombo cha mafuta. Mpini wa mfupa utayanywa na kubaki na madoa.

*Umefaulu ikiwa:* bapa linafunguka kwa ukucha na kufunga kwa mlio mkavu. Babu yangu mzaa mama alikuwa hamalizi kisu bila kukisikiliza. Alikifungua na kukifunga karibu na sikio, akarudi kwenye springi na tupa, mara mbili tatu, akasikiliza tena. Kisu kisicholia alikiita kiziwi, na hakikutoka uani. Kwa hiyo baada ya kulegeza, sikiliza nawe. Mlio mzito uliofifia maana yake bado kuna uchafu ndani.

## Hatua ya 5: Ondoa kutu, acha weusi

Wengi huharibu hapa, kwa sababu hawatofautishi vitu viwili. Kutu ni nyekundu au ya kahawia, ina unga, na ukiisugua kwa kidole inaacha rangi. Hiyo inakula chuma. Weusi, au ile rangi ya kijivu inayokaribia buluu, ni ngozi ambayo chuma cha kaboni hujivika kwa matumizi. Imeshikamana, haiachi unga, na husaidia kuzuia kutu isiingie haraka. Kutu itoke, weusi ubaki.

Wapo wanaojaribu kwa sumaku kujua kama chuma ni cha kaboni au ni kile kisichoshika kutu. Jaribio hilo halisaidii, kwani vyuma vingi vya visu visivyoshika kutu navyo hunaswa na sumaku. Kama bapa limekuwa jeusi kwa matunda na nyama, ni cha kaboni.

1. Funika alama ya babu kwa utepe wa karatasi. Hiyo utaishughulikia mwisho, kwa mkono mwepesi.
2. Paka mafuta kwenye bapa na uache yakae. Mafuta hulainisha kutu na kuzuia unga wake usiruke puani.
3. Anza na kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko bapa la kisu, hivyo inakwangua kutu bila kukwaruza chuma. Kwangua vidonda vinene vya kutu kimoja kimoja.
4. Malizia na stiliwaya ya 0000 yenye mafuta. Sugua kufuata mistari ya tupa ya babu. Ukizungusha kwa duara utaacha mikwaruzo inayokatiza mistari yake, na macho yataiona siku zote.
5. Futa kwa kitambaa cheupe. Tazama kitambaa. Rudia.
6. Ondoa utepe. Kwenye alama tumia njiti ya meno yenye mafuta, sehemu baada ya sehemu. Usitumie stiliwaya hapo.

Vishimo vitabaki. Kuviondoa kunahitaji kuteremsha bapa zima hadi chini ya shimo lenye kina kuliko yote, na ukifika huko hicho si kisu cha babu tena.

*Umefaulu ikiwa:* kitambaa kinatoka na kijivu tu, si wekundu, na kesho yake hakuna unga mpya. Wekundu ukirudi, kutu ilibaki ndani ya vishimo. Rudia namba 3 hadi 5 za orodha hiyo ya juu.

## Hatua ya 6: Tumbo la kisu

Ndani ya mfereji utakuta nyuzi, mchanga, pengine makombo ya tumbaku. Yatoe kwa njiti kavu kwanza. Ukianza na mafuta utatengeneza uji.

Grisi iliyoganda ilainishe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, kisha piga mswaki, futa, tia tone la mafuta ya cherehani. Fanya mbali na moto. Usitumie spiriti: mipini mingine ya zamani ilipakwa vanishi ya lakri, ambayo huyeyuka kwenye spiriti.

## Hatua ya 7: Mpini

Mti. Kitambaa chenye unyevu, kikaushe, kisha nta ya nyuki kiasi cha punje ya mchele. Wapo wanaopenda mafuta ya kitani. Ukiyatumia, tandaza vitambaa vyake nje vikauke. Vikirundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe.

Pembe. Haipendi joto wala jua. Futa kwa tone la mafuta ya cherehani, uache. Isije ikaachwa mahali penye wadudu, maana hutoboa pembe kwa furaha.

Mfupa. Usipake mafuta kabisa, wala dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Umanjano wake ni umri.

Pembe ya ndovu. Biashara yake kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989. Kitunze nyumbani, na usivuke nacho mpaka kabla ya kuuliza sheria.

Plastiki ya zamani inayonuka kafuri. Hii huenda ni seluloidi. Inaposambaratika hutoa mvuke wenye asidi unaoozesha chuma, nayo hushika moto upesi. Kisu cha namna hii kikae peke yake, mahali penye hewa.

## Hatua ya 8: Noa, ikiwa ni lazima

Jiulize kwanza kama kisu kitatumika. Kama bapa limekonda kiasi cha kuonekana kama jani, kiache kipumzike.

Kikiwa cha kutumika, usikipeleke kwa mwenye mashine. Makali membamba hupata moto kufumba na kufumbua. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu kimefika karibu nyuzi 220 za Selsiasi. Kikigeuka buluu, kama 300. Buluu kwenye makali maana yake matiko ya babu yamekwisha hapo, na makali hayatadumu.

Pembe ya kunolea, yaani mwinamo wa bapa juu ya kinoo. Huhitaji chombo. Pima upana wa bapa, kisha inua mgongo juu ya kinoo kwa theluthi moja ya upana huo. Bapa la milimita 15 liinuliwe milimita 5. Hiyo ni karibu nyuzi 20, inayofaa kisu cha mfukoni.

1. Bandika utepe wa karatasi kwenye ubavu wa bapa, ukiacha makali wazi, ili kinoo kisikwaruze.
2. Paka maka peni kwenye mteremko wa makali.
3. Pitisha mara mbili tatu kwenye kinoo cha 1000 kilicholowa, kisha tazama. Wino ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Rekebisha mpaka utoke wote.
4. Endelea upande mmoja mpaka uhisi, kwa kupapasa kutoka mgongoni kwenda nje, ukingo mwembamba wa chuma uliopindukia upande wa pili. Uwe umeenea kutoka mwanzo wa makali hadi ncha. Bila ukingo huo bado hujanoa.
5. Fanya upande wa pili vivyo hivyo.
6. Hamia kinoo cha 3000, ukipunguza nguvu na kubadilisha upande kila pito.
7. Malizia kwenye ngozi, ukivuta kinyumenyume, mgongo ukitangulia.

Onyo la vidole. Kisu hakina kufuli. Usikandamize kwenye ncha kwa namna inayoweza kulifunga bapa. Vidole vya mkono wa mpini vikae ubavuni, mbali na mfereji.

Onyo la kisigino. Mwanzoni mwa bapa, kabla makali hayajaanza, kuna kijipande butu. Kisu kikifungwa, hicho ndicho kinachogusa springi na kuyazuia makali yasiigonge. Usikinoe kamwe. Kupima, weka ukanda mwembamba wa karatasi ndani ya mfereji, funga kisu polepole, fungua. Karatasi ikiwa na mkato, makali yanagonga springi. Kipande kidogo cha ngozi chini ya mfereji kitamaliza tatizo, nawe usikiachie kisu kijifunge kwa kishindo.

*Umefaulu ikiwa:* kisu kinakata karatasi ya daftari kutoka ukingoni bila kuichana. Ukianza kukipima kwa nywele za mkono, umepita haja.

## Hatua ya 9: Mahali pa kukiweka

Pitisha kitambaa chenye mafuta kwenye bapa, tone moja kiungoni, basi. Kisu kinachokata chakula kipakwe mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa (si mafuta ya taa), wala si ya cherehani.

Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hata kama ala ni ya babu pia. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma na kuigeuza shaba kijani. Ala na kisu vikae kisanduku kimoja, vikitenganishwa kwa karatasi.

Chini ya kisu weka karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, maana wino hufifia na kuchafua: jina la babu, kisu kilitengenezwa kwa chuma gani, nani alisema, tarehe. Picha na rekodi za sauti wape ndugu wawili watatu wanaokaa nyumba tofauti. Kisu ni cha mmoja, na ugomvi wa nani akikalie hupungua binamu wote wakiwa na sauti ya bibi kwenye simu zao.

Kifungue mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, ukifute, ukisikilize.